Kupuliza Bilauri Ndani ya Kalibu: Mwongozo Kamili kwa Karakana Ndogo ya Kioo

Fundi mgeni akija na kikapu cha kazi zilizomshinda, ndani yake huwa mna bilauri tatu zilezile. Ya kwanza pembe ya kitako ni nyembamba kama ganda la yai. Ya pili ni nene ubavu mmoja na nyepesi ubavu wa pili. Ya tatu ilikuwa nzuri jioni, ikapangwa rafuni, asubuhi ikakutwa vipande viwili na hakuna aliyeigusa.

Mafundi hao wote hulaumu kalibu, yaani umbo la chuma ambamo kioo hupulizwa. Wengine wameshatengenezesha kalibu ya pili na ya tatu, na bilauri bado ni zilezile.

Kalibu haigawi kioo. Kazi yake ni kukipa kiputo, yaani kioo cha moto kilichojazwa pumzi, sura ya nje na kukipoza. Unene wa ukuta umeshaamuliwa kabla kiputo hakijaingia humo. Viwanda vya chupa vinalijua hili, ndiyo maana kila chupa hupita kalibu mbili. Donge la kioo cha moto huangukia kalibu ya awali, linapulizwa au kukandamizwa kwa nguzo ya chuma mpaka liwe kijichupa kinene, kisha linahamishiwa kalibu ya pili na kupulizwa umbo la mwisho. Chupa nyingi za shingo nyembamba hupulizwa mara zote mbili. Mitungi ya mdomo mpana, kama ya jamu, hukandamizwa kwanza ndipo ipulizwe.

Karakana ndogo haina kalibu ya kwanza. Mikono yako, bamba la chuma na gazeti lililolowa ndivyo kalibu ya kwanza. Mwongozo huu umekaa sana hapo.

Tunachotengeneza

Bilauri ya mviringo: kipenyo milimita 80, kimo milimita 110, ukuta milimita 2.5, kitako milimita 5. Kioo cha kawaida kina uzito wa gramu 2.5 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo bilauri iliyokamilika itakuwa na gramu 220 hadi 230. Utateka zaidi ya hapo, kama gramu 350, kwa sababu sehemu ya juu inayoshikana na bomba itakatwa. Sehemu hiyo nitaiita kofia.

Joto lote humu ni nyuzi za Selsiasi.

Vifaa: kusanya vyote kabla ya kuwasha moto

- Tanuri la kuyeyushia lenye chungu cha udongo wa kuhimili moto, linaloweza kufika nyuzi 1,280.
- Tanuri la kurudishia moto: pipa lililojengwa ndani kwa matofali ya moto, lenye mlango wa duara, nyuzi 1,150 hadi 1,200.
- Tanuri la kupozea, la umeme kama inawezekana, lenye kidhibiti joto na themokapo (kihisi cha kupimia joto) aina ya K. Usilibane hili kwa bei.
- Mabomba mawili ya kupulizia, urefu wa mita 1.3 hadi 1.5.
- Bamba nene la chuma lililonyooka, la kuviringishia.
- Benchi lenye reli mbili, makoleo makubwa ya kubania shingo, mkasi wa kioo cha moto, ndoo ya maji.
- Magazeti ya karatasi ya kawaida, yasiyo ya kung'aa.
- Kalibu ya chuma cha kusubu, vipande viwili vyenye bawaba na mikono mirefu.
- Kipandio cha sentimita 50 hadi 60, kwani utapuliza ukiwa umesimama na kalibu iko chini.
- Msaidizi mmoja. Kazi hii ya peke yako utaiweza baadaye, si sasa.

Kuhusu kalibu: mpelekee fundi wa kukereza vyuma mchoro wenye vipimo, usimwambie kwa mdomo. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, wanaiweza. Mwambie mambo matatu. Ndani pawe laini bila mikwaruzo ya kukereza. Pembe ya kitako iwe na mviringo wa milimita 6 hadi 8, isiwe kali. Na atoboe matundu ya milimita 1 hadi 1.5 kuzunguka pembe hiyo na machache ubavuni, ili hewa na mvuke vipate pa kutokea. Kipenyo cha ndani kiwe milimita 80.4, kwa sababu kioo kikipoa kutoka nyuzi 500 na ushee hadi joto la chumba husinyaa karibu nusu ya asilimia moja.

Hiyo pembe ya mviringo si urembo. Kiputo kinapotanuka hugusa kwanza ubavu na katikati ya kitako, na panapogusa panaganda. Pembe ndiyo hufikiwa mwisho, na kioo cha kuijaza kinavutwa kutoka kidogo kilichobaki laini. Pembe ikiwa kali, lazima iwe nyembamba.

Usalama, kwa ufupi lakini usome

Vaa pamba tupu. Nailoni na poliesta huyeyukia kwenye ngozi. Viatu vya kufunika, visiwe na tundu la juu ambamo kigae cha moto kinaweza kudumbukia.

Miwani ya jua ya kawaida haizuii mionzi ya joto inayotoka tanurini, na giza lake huifanya mboni ifunguke zaidi. Tafuta miwani ya mafundi inayokinga mionzi hiyo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni. Mitungi ikae nje, na kichomeo kiwe na vali inayojifunga mwali ukizimika.

Kioo cha nyuzi 500 hakina wekundu wowote. Kinafanana kabisa na cha baridi. Ajali nyingi ninazozijua zilianzia kwa mtu kuokota kigae alichodhani kimepoa.

Hatua ya 1: Chagua vigae vya aina moja

Kioo cha chupa na cha madirisha vyote ni mchanga wa silika, magadi na chokaa. Magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, ni mojawapo ya malighafi zinazouzwa kwa viwanda vya kioo. Lakini kusema vyote ni jamii moja si kusema vinachanganyika. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na vikitofautiana katika kutanuka na kusinyaa, bilauri itapasuka hata ukiipoza kwa adabu zote.

Kwa hiyo: chupa za aina moja tu, au madirisha tu. Karakana za Kitengela nje ya Nairobi na Shanga kule Arusha zinaonyesha kwamba kioo kilichoyeyushwa upya kinatoa kazi nzuri, ila lazima ujue umetia nini chunguni.

Vitu vinne visiingie kabisa:

Bakuli za oveni na vyombo vya maabara. Nyingi kati ya hizo ni kioo chenye boroni, hutanuka theluthi moja tu ya kioo cha kawaida.

Pete na vifuniko vya alumini. Alumini hunyang'anya oksijeni ya silika na kuacha vijiwe vya silikoni, vigumu na vyeusi, na kila kimoja ni mwanzo wa ufa.

Vipande vya vikombe vya kauri na mawe. Haviyeyuki.

Chupa za kahawia pamoja na nyeupe au kijani. Kioo cha kahawia kimepikwa kwa kaboni na salfa; kikikutana na kile kingine, chungu kinafura povu.

Bandua lebo, osha, *kausha kabisa*. Kigae chenye maji kikiingia kwenye kioo kilichoyeyuka, mvuke unaruka na kioo.

Kama una shaka kuhusu vioo viwili, viunganishe ubavu kwa ubavu kwa moto, kisha vuta uzi mwembamba wenye vyote viwili kwa urefu. Uzi ukipoa ukabaki umenyooka, vinapatana. Ukijikunja kama upinde, viache.

*Umefaulu ukiona:* ndoo ya vigae vikavu vya rangi moja, bila chuma wala karatasi.

Hatua ya 2: Yeyusha, kisha sahau chungu kwa saa kadhaa

Pandisha tanuri taratibu. Chungu kipya kikipashwa kwa pupa hupasuka, na kilo 30 za kioo kuvuja ndani ya matofali ni msiba wa wiki nzima. Ukifika nyuzi 1,200 anza kutia vigae kidogo kidogo, ngoja viyeyuke, tia tena.

Chungu kikijaa, panda hadi 1,250 au 1,280 na ukae hapo saa 4 hadi 6. Katika joto hilo kioo ni chepesi na mapovu hupanda juu yakapotea. Halafu shuka hadi 1,100 na uache kitulie saa moja au mbili.

Anayeruka kipindi hiki hupata kioo kama soda. Kuna mafundi wa zamani wanaochoma kiazi kibichi kwenye mshikaki wa chuma na kukizamisha ili mvuke wake uyasukume mapovu madogo juu. Inafanya kazi. Pia inarusha kioo, kwa hiyo usijifunzie hapo.

*Umefaulu ukiona:* kioo ulichokivuta kwa fimbo kinatoka kama asali ya nyuki iliyokaa kivulini, hakina punje, na mapovu ni ya kuhesabu.

Hatua ya 3: Andaa kalibu

Chagua njia moja kati ya mbili, usizichanganye.

Ya kwanza ni *kalibu kavu*. Chuma kitupu, kimepashwa moto, na kiputo hakizungushwi ndani yake. Ndiyo njia ya viwanda vya chupa, na ndiyo maana chupa ina mstari wa mshono ubavuni. Inafaa maumbo ya pembe nne na yenye nakshi. Kalibu ikiwa baridi, ngozi ya kioo hukunjamana kama maziwa yaliyoshika utando; ikiwa ya moto mno, kioo kinang'ang'ania. Bilauri tano sita za mwanzo hutupwa ili kuipasha kalibu, na viwandani ni vivyo hivyo.

Ya pili ni *kalibu ya mkaa na maji*. Kwa bilauri ya mviringo ninaishauri hii. Paka ndani mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nyunyiza unga laini wa kizibo au wa mbao, kung'uta ziada, oka kwenye nyuzi 200 na kitu mpaka ukauke na kuwa mweusi. Rudia mara mbili au tatu. Kabla ya kila bilauri ichovye kwenye maji au imwagie. Kioo kikiingia, maji hugeuka mvuke na kiputo huelea juu ya mto wa mvuke, hakigusi chuma. Hapo unaweza kukizungusha, na mshono haupo.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatumbukize kwenye ndoo ya maji siku hiyohiyo.

*Umefaulu ukiona:* tabaka jeusi lisilong'oka kwa kidole, linalonyonya maji badala ya kuyamimina.

Hatua ya 4: Teka mara ya kwanza

Pasha ncha ya bomba mpaka iwe nyekundu iliyofifia. Bomba baridi halishiki kioo. Bomba jekundu sana hushika mno na kumwaga magamba ya kutu ndani ya kazi.

Ingiza bomba kwa mshazari, gusa uso wa kioo, zungusha raundi mbili au tatu kama anayeviringa asali kwenye kijiti, inua, endelea kuzungusha. Mkia ukiburuta uache urudi chunguni. Hili ni teko la gramu 100 hivi.

Tangu sasa mpaka mwisho bomba halisimami. Ukilisimamisha sekunde mbili, kioo kinaelekea chini, na umeshaipata ile bilauri ya pili ya kikapuni.

Hatua ya 5: Viringisha, kisha toa kiputo cha kwanza

Peleka teko kwenye bamba la chuma. Viringisha kwa mkono mwepesi mpaka liwe kama chupa ndogo butu, lililonyooka na mstari wa bomba. Bamba linafanya kazi mbili: linanyoosha, na linapoza ngozi. Ngozi ikiwa ngumu kidogo na tumbo likiwa laini, hewa itapita katikati. Usipoviringisha sawasawa, hewa itakimbilia upande wa moto, maana kioo cha moto ndicho kinachokubali kutanuka.

Puliza mara moja kwa nguvu, ziba tundu kwa dole gumba, subiri. Hewa iliyofungiwa inapata joto, inatanuka, na kiputo kinajitokeza chenyewe. Wageni hupuliza hadi mashavu yakavimba, na wakati wote ni dole gumba lingefanya kazi hiyo.

*Umefaulu ukiona:* kiputo cha ukubwa wa limau dogo, kiko katikati, kitako kinene kuliko ubavu.

Kikiwa upande, kitupe. Najua inauma. Kiputo cha kwanza kilichopinda hakinyooki kwenye teko la pili. Kinajificha tu, kinakuja kujionyesha ndani ya kalibu.

Hatua ya 6: Teka mara ya pili

Acha kiputo kipoe mpaka wekundu uondoke, lakini kisikae hadi kikaanza kulia. Ukikisikia kinatoa mlio mdogo, umechelewa, kinapasuka.

Chovya tena, sasa zaidi kidogo kupita usawa wa kiputo, ili kioo kipya kikifunike chote na kigusie bomba. Teko hili ni gramu 250 hivi. Namna ya kujua uzito ni kujipima: siku ya mazoezi teka, kata kwa mkasi, poza, weka kwenye mizani ya jikoni. Fanya mara ishirini. Mkono utajua.

Hatua ya 7: Umbo la awali, hapa ndipo kazi ilipo

Kaa kwenye benchi, bomba juu ya reli. Kunja gazeti tabaka nane hadi kumi, ukubwa wa kiganja, lilowe maji lakini lisichuruzike. Shika kioo kwa gazeti huku ukizungusha. Moshi na mvuke vitatoka, ni kawaida. Gazeti linakupa umbo na linapoza ngozi kwa upole kuliko chuma.

Unachotafuta ni umbo la yai refu lenye kitako butu: kipenyo milimita 55 hadi 60, urefu milimita 85 hadi 90. Kwa nini vipimo hivyo? Kiputo kikiwa kipana karibu sawa na kalibu, kitagusa mdomo wa kalibu kinapoingia na kugandisha alama. Kikiwa chembamba sana, kitanyooka mno kabla ya kugusa ukuta na kutoka chepesi. Kikiwa kifupi, kitako kitavutwa kwenda chini na pembe zitakuwa karatasi.

Bana shingo kwa makoleo, karibu sentimita moja kutoka kwenye bomba, huku ukizungusha. Mstari huo ndio mahali pa kuitenga bilauri na bomba baadaye.

Sasa rudisha moto. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi: *usikipashe chote sawa.* Ukiingiza kiputo kizima kwenye tanuri mpaka kiwe laini kote, ubavu ambao ni mwembamba utatanuka kwanza na kitako kitabaki bonge. Ingiza zaidi sehemu ya chini, theluthi mbili hivi, ili kitako na sehemu itakayokuwa pembe vipate joto la ziada. Toa, elekeza bomba chini, acha kioo kijivute kwa uzito wake sekunde mbili tatu. Kikirefuka kupita kiasi, inua bomba, kitarudi kujikusanya.

Halafu fanya kitu kinachoonekana kama uvivu: subiri. Sekunde tatu hadi tano, ukizungusha hewani. Joto la tumboni linatoka nje na la ngozi linasawazika. Kiwandani hufanya hivyohivyo: kijichupa kikishatoka kalibu ya kwanza huachwa kidogo ngozi yake ipate moto tena kabla ya kupulizwa mara ya mwisho. Ukiruka hapa, ukuta unatoka na mawimbi.

*Umefaulu ukiona:* mng'ao wa chungwa unaofanana pande zote ukizungusha, wenye nguvu kidogo zaidi chini, na kiputo hakiyumbi kama mlevi kwenye ncha ya bomba.

Hatua ya 8: Ndani ya kalibu

Msaidizi amechuchumaa, kalibu imelowa na iko wazi. Panda kipandio. Shusha kiputo wima, katikati, kitako kikiwa sentimita moja juu ya sakafu ya kalibu. Mwambie "Funga!" kwa sauti. Msifanye kwa kukonyezana.

Puliza kwanza polepole mpaka uhisi kiputo kimejaa. Kisha ongeza nguvu, sekunde tano hadi nane, ukizungusha bomba mwendo mmoja usiobadilika. Utasikia mvuke ukilia kwenye matundu. Hiyo ni sauti nzuri. Kimya kinamaanisha kalibu ni kavu, na kioo kinakwaruzwa.

Usiache kupuliza mara tu kikijaa. Kioo bado ni laini. Ukikata pumzi, kuta zinaingia ndani. Shikilia pumzi hadi uhisi ugumu, kama mpira uliojaa upepo.

Juu ya mdomo wa kalibu kioo kitafura na kuwa kofia nyembamba. Ndivyo inavyotakiwa.

Muda ni wa kujifunza. Ukitoa mapema, bilauri inalegea na kuwa na tumbo. Kwenye kalibu kavu, ukichelewa, chuma kinanyonya joto jingi na nyufa ndogo kama nywele zinaota kitakoni. Kioo cha chupa ndicho chenye haraka zaidi, kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mashine zinazotaka kigande upesi. Ukitumia hicho, punguza kila muda niliotaja kidogo.

*Umefaulu ukiona:* msaidizi akifungua, bilauri inatoka bila kushikwa, inazunguka na bomba bila kuyumba, na haina mng'ao unaosogea.

Hatua ya 9: Itenge na bomba bila kuishangaza

Tone moja la maji kwenye mstari wa shingo, kwa ncha ya koleo. Si kwenye ukuta. Gonga bomba mara moja kwa kipande cha mti. Bilauri inaachia na kuangukia kwenye glavu za kinga alizovaa msaidizi. Moja kwa moja tanuri la kupozea, ambalo tayari liko nyuzi 540. Kutoka kalibu hadi mlango wa tanuri usizidi nusu dakika. Kusimama kuwaonyesha wageni ndiko kulikowatoa wengi kazi zao bora.

Hatua ya 10: Poza kwa saa, si kwa dakika

Bilauri ya tatu ya kikapuni, ile iliyopasuka usiku, ilikufia hapa.

Kioo kinapopoa, ngozi hutangulia kuganda huku tumbo bado likiwa na moto. Tumbo linapokuja kupoa linataka kusinyaa, ngozi imeshakuwa ngumu na haifuati. Mvutano huo unafungiwa ndani. Mkwaruzo mdogo, mlango uliobamizwa, upepo wa alfajiri, vyovyote vinatosha kuuachilia. Wengine hufukia kazi kwenye majivu au mchanga wa moto. Kwa shanga inatosha. Kwa bilauri ni bahati nasibu.

Kwa kitako cha milimita 5, ratiba ninayoitumia ni hii:

1. Kaa nyuzi 540 kwa saa 1 baada ya bilauri ya *mwisho* kuingia.
2. Shuka hadi 480 kwa mwendo wa nyuzi 40 kwa saa.
3. Shuka hadi 370 kwa nyuzi 80 kwa saa.
4. Zima. Usifungue mlango mpaka isome chini ya 50.

Namba mbili ya ratiba hii ndiyo ya thamani. Karibu na nyuzi 510 ndipo kioo cha aina hii kinapopoteza uwezo wa kujilegeza, na mvutano ulioingia humo hautoki tena. Kitako kikinenepa mara mbili, mwendo wa kushuka ugawe kwa nne, siyo kwa mbili.

Weka themokapo usawa wa bilauri, siyo darini. Nimewahi kuona tanuri likisoma 540 juu huku chini bilauri ziko 480, na fundi wake alikuwa amebadilisha vigae mara tatu akitafuta kosa.

Hatua ya 11: Kata kofia, maliza mdomo

Weka bilauri iliyopoa kwenye kitu kinachozunguka, chora mstari kwa almasi kwa kimo cha milimita 110. Mzunguko mmoja tu. Mistari miwili inazaa nyufa mbili. Kisha elekeza mwali mwembamba kwenye mstari huku ukizungusha. Ufa utazunguka na kofia itaachia kwa mlio mdogo. Ukiwa na msumeno wa almasi wenye maji, tumia huo.

Saga mdomo juu ya bamba bapa lenye unga wa silikoni kabaidi na maji: namba 120, kisha 220, 400, 600. Osha mikono, bamba na bilauri kila unapobadilisha namba, kwani punje moja ya 120 ikibaki itachora mistari mpaka mwisho. Vunja ukali wa ukingo ndani na nje. Ng'arisha kwa oksidi ya seriamu kwenye kitambaa kizito cha sufu. Kila kitu kiwe na maji; vumbi la kioo halifai mapafuni.

Mdomo unaweza pia kulainishwa kwa mwali. Ukifanya hivyo, bilauri nzima ipashwe kwanza na irudi tanuri la kupozea baadaye, maana umeingiza mvutano mpya ukingoni.

Kukagua

Pima unene kwa kalipa sehemu nne za ukuta na pembeni mwa kitako. Tofauti ya nusu milimita ikubali. Zaidi ya hapo, rudi kwenye kosa lake: ubavu mmoja mnene ni bomba lililosimama au kiputo cha kwanza kilichopinda, pembe nyepesi ni umbo la awali fupi au lisilopata moto chini, kitako kizito na ukuta mwembamba ni kiputo kilichopashwa sawa kote. Mistari ya duara ubavuni ni kalibu iliyokauka.

Mvutano hauonekani kwa macho matupu, ila kuna kifaa ambacho pengine tayari unacho. Kioo cha kompyuta au televisheni ya bapa ya LCD hutoa mwanga uliochujwa upande mmoja. Fungua ukurasa mweupe mtupu, vaa miwani ya jua ya polaroidi, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, kisha weka bilauri katikati. Iliyopoa vizuri itabaki na weusi, labda kwa kivuli kidogo cha kijivu. Yenye mvutano itawaka mistari myeupe, na iliyozidi itatoa rangi kama petroli juu ya maji.

Halafu jaribu moja katika kila tanuri kwa maji. Izamishe dakika tano kwenye maji ya nyuzi 65, kisha ghafla kwenye maji ya nyuzi 23. Tofauti hiyo ya nyuzi 42 ndiyo inayotumika sana kupima chupa viwandani. Vaa miwani na glavu.

Ikipasuka, au ikiwaka kwenye skrini, zile nyingine za tanuri hilo usizitupe. Zirudishe zikiwa baridi kwenye tanuri baridi, pandisha nyuzi 100 kwa saa hadi 540, na uanze tena ratiba ya Hatua ya 10 kutoka namba moja.